Siku moja maishani mwangu: mshauri wa usharika, Dodoma

Saa 11 alfajiri

Baridi ya Julai hapa Dodoma huja na upepo na vumbi. Nimejifunga kitenge juu ya kitenge, nimeshika daftari langu la maombi. Ndani yake mna majina tu, bila shida za wenye majina, ili likipotea lisimuumbue mtu. Nayataja moja moja mbele za Mungu. Hao ninaowasimulia hapa wameniruhusu, na nimebadilisha yale ambayo yangewatambulisha.

Saa 2 na nusu asubuhi

Chumba changu kiko nyuma ya kanisa: viti vitatu vya urefu mmoja, jagi la maji, hakuna meza katikati. Leo wa kwanza ni mama mmoja na mkamwana wake. Mama amembeba mjukuu wa wiki sita; mkamwana anamfuata nyuma kama mgeni.

“Mama Mshauri, huyu tumeshamwombea mara tatu. Hali, halali, mtoto hamtaki. Sijui ni pepo, sijui imani imemwisha.”

Nikamwomba mama anisubiri barazani na mtoto. Tulipobaki wawili nilinyamaza kwanza. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na mimi naona walianza kukosea pale walipofungua vinywa.

Baada ya muda akasema, “Mama, natamani nilale nisiamke.”

Nilimuuliza waziwazi: “Mwanangu, umewaza kujiua? Umewaza kumdhuru mtoto?” Wengi huliogopa swali hili wakidhani litampandikizia mtu wazo. Halimpandikizii. Humpa mahali pa kuutua mzigo alioubeba peke yake. Kumdhuru mtoto hajawaza, akasema, ila usiku wazo la kufa humjia, na huona aibu kwa sababu yeye ni mwimbaji wa kwaya.

Nikamfungulia 1 Wafalme 19. Eliya ametoka kushinda mlimani Karmeli, kisha yuko jangwani chini ya mretemu anaomba afe. Malaika hakumkemea wala hakumpima imani. Alimgusa, akamwambia ainuke ale. Mkate, maji, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili. Sauti ya Mungu ilikuja baadaye, kule Horebu, nayo ilianza kwa swali. Yule binti aliusoma ukurasa ule mara mbili, kidole kikifuata mistari.

Saa 4 asubuhi

Hali kama hii haingojei kesho, kwa hiyo tumepanda bajaji wote wanne hadi kliniki. Njiani mkwe aliniuliza kwa sauti ya chini kama tunampeleka Mirembe. Watu wa Dodoma tunaujua woga wa jina hilo. Watoto hutaniana nalo shuleni. Nikamwambia, “Mama, Mirembe ni hospitali ya magonjwa ya akili, ni hospitali tu. Tukiambiwa twende, tutakwenda, kama tungekwenda kwa ajili ya kifua au jicho.”

Daktari alisema ni sonona ya baada ya kujifungua, inatibika. Akampa dawa anazoweza kutumia akiwa ananyonyesha, na tarehe ya kurudi. Asiachwe peke yake, na usiku apate usingizi wa kutosha. Nikamgeukia mkwe: “Mama, hapo ndipo tunapokuhitaji wewe.” Alikuwa amekuja kumshtaki mkamwana. Akaondoka na kazi ya kumlinda.

Saa 8 mchana

Mume na mke. Mume alihamia Dodoma mwaka 2017 na wizara yake; mke akabaki Dar es Salaam na duka na watoto. Nimewapokea wengi wa namna hii tangu serikali ihamie huku. Treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, safari ikawa chini ya saa nne, na hawa wawili walidhani ndoa nayo itapona. Sasa hufika mapema zaidi, wakakaa kimya.

Niliwaomba wanionyeshe jumbe walizoandikiana wiki nzima. Ada, kodi, gesi, ada. Hakuna “umeamkaje”. Mke akacheka, kisha akalia. Mume akashika simu yake asijue aiweke wapi. Nimewapa zoezi moja tu: kila jioni wapigiane dakika kumi, fedha isitajwe, na mwisho kila mmoja amwombee mwenzake kwa jina, yule mwingine akisikia. Ni vigumu kumwombea mtu kwa upole na papo hapo kumhesabia makosa.

Saa 10 jioni

Baraza la usuluhishi wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka, kwa kawaida, shauri la talaka lipitie barazani kabla ya kufika mahakamani. Mzee mwenzetu alifungua kwa kunukuu Malaki, kwamba Mungu anachukia kuachana. Nikamwomba aumalizie mstari. Mstari uleule unamkemea anayeifunika nguo yake kwa udhalimu, na nusu hiyo hatuisomi.

Ninaisoma kwa sababu mwaka wangu wa kwanza wa huduma nilimwambia mama mmoja avumilie na aombe. Sikumuuliza kama anapigwa. Alikuwa anapigwa. Alirudi baada ya miezi miwili, mkono umefungwa plasta, na hakunilaumu hata kidogo, jambo linaloniuma mpaka leo. Tangu hapo swali langu la kwanza kwa kila mke na kila mume, akiwa peke yake, ni hili: nyumbani uko salama? Mama wa leo alitikisa kichwa. Kikao cha kupatanisha tukakisimamisha, nikamsindikiza polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Usiku huu analala kwa dada yake.

Saa 3 usiku

Simu ya mkwe. “Mama, amekula ugali na mlenda, akalala. Saa moja nimemwamsha anyonyeshe, akala tena kidogo, sasa amelala. Mtoto ninaye mimi.”

Nikamuuliza kama na yeye amekula. Akasema bado. Nikamwambia akale, mimi nabaki kwenye simu.