Siku jini la chumvi lilipoongea Kiswahili

Mi sayansi ya kubuni naipenda tangu utotoni, yaani nipe chombo cha angani chenye vitaa vinavyowakawaka na mlango unaojifungua wenyewe, basi nimeshakaa hapo mpaka usiku. Bro wangu mkubwa ndo hakuwa ananielewa kabisa, kila akinikuta anauliza "bado uko na hao wenye masikio yaliyochongoka?" halafu anapita zake.

Sasa siku hiyo nilikuwa naanza Star Trek, tamthilia ya TV ya watu wa chombo cha angani, ile ya zamani kabisa ya 1966, nikaanza na episodi iliyorushwa ya kwanza, The Man Trap. Mawe ya sayari wanayoshukia unaona kabisa kuna fundi kayatengeneza, mi wala hainisumbui. Kuna kiumbe, wa mwisho wa aina yake, anaishi kwa kunyonya chumvi ya mwilini, akimaliza anakuacha maiti na madoa mekundu ya duara usoni, na ujanja wake ni kwamba kila mtu anamwona kwa sura tofauti. Daktari McCoy anamwona mpenzi wake wa zamani akiwa bado binti vilevile kama alivyomwacha, Kapteni Kirk kasimama hapohapo pembeni anamwona mama mtu mzima mwenye mvi. Mtu mmoja huyohuyo! Vitu kama hivi ndo vinanifanya nisilale.

Basi kiumbe kaingia kwenye meli yao ya angani, anazurura kwenye korido, akakutana na Uhura, dada mweusi anayeshughulikia mawasiliano ya meli. Palepale kageuka kijana mweusi mtanashati, wakapiga stori kidogo kwa Kiingereza, mara jamaa akabadilisha akaanza kuongea Kiswahili.

Nikasimamisha. Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena, nikahisi labda masikio yangu. Sauti nilikuwa nimeiweka juu, nikasikia kutoka chumba cha pili "we, nani huyo kaongea?" na bro huyo mlangoni, mswaki bado uko mdomoni.

Tumerudisha hicho kipande mara sita au saba hivi, yeye kabandika sikio kwenye spika, na hatukukubaliana, bro anaapa jamaa anasalimia, mi nasema hapana huyu anatongoza, maana maneno yenyewe yametamkwa kama ya mtu aliyekaririshwa jana yake. Lakini Uhura naye kamjibu! Halafu akaganda, jamaa anamsogelea taratibu huku mkono unapanda, na bro, yule yule wa masikio yaliyochongoka, akapiga kelele "kimbia dada!" Aliponea chupuchupu.

"Kwanza jina lake wamekosea," bro akasema, "ni Uhuru." Hapo nikapata nafasi yangu niliyoisubiri miaka. Nikamweleza kwamba Nichelle Nichols, dada aliyemuigiza Uhura, alienda kwenye usaili ameshika kitabu kinachoitwa Uhuru, mtunzi wa shoo Gene Roddenberry akalipenda hilo neno, ila wakalainisha mwisho likawa Uhura ili liwe la kike. Bro akakaa kimya kidogo. "La kike kwa nani? Kwani uhuru una jinsia?" Na kweli, kwetu sisi ukishaweka hiyo "a" mwishoni neno limekufa, halina maana tena.

Ila mi kilichonikaa kichwani ni ule mtego. Wengine wote humo waliwekewa sura tu, huyu dada kaongezewa na lugha, na nikawaza mimi ningekuwa kwenye ile korido, mbali huko na nyota zote hizo, mtu akanisemesha Kiswahili hata kibovu namna ile, nisingeuliza hata ametokea wapi, ningenyonywa chumvi yote nikiwa natabasamu.

Mwishoni McCoy akampiga risasi ya mwanga, kiumbe akafa, na ndo alikuwa wa mwisho. Bro akaguna: "Sasa Kiswahili nani tena ataongea humo?"

Nikamwambia ipo nyingine, ya 1967, roboti linamfuta Uhura kumbukumbu zote, inabidi afundishwe kusoma upya, akikwama anaropoka Kiswahili. Akauliza iko wapi. Msimu wa pili, nikamwambia, na wa kwanza peke yake una episodi 29.

Akataka turuke. Nikagoma.