Chini ya Jina la Medb

Kilichonipeleka Roscommon ni kutoridhika na kitabu. Nilikuwa nimemaliza riwaya ya kihistoria inayomweka Malkia Medb, wa hadithi za kale za Kiairishi, katika Ireland ya Enzi ya Chuma. Ngome, magari ya farasi, wizi wa ng'ombe, vyote vilikuwemo. Ila Morrígan, mungu wa kike wa vita anayejigeuza kunguru, alikuwa ameondolewa ili kisa kionekane historia. Jambo hilo lilinikaa rohoni. Nikapanda treni Dublin hadi Roscommon, kisha teksi mpaka kijiji cha Tulsk.

Rathcroghan, makao ya Medb katika masimulizi, leo ni malisho. Kuna kilima kipana cha majani, basi. Lakini hapa ndipo Medb na mumewe Ailill walipohesabiana mali kitandani, wakatoka sare katika kila kitu isipokuwa fahali mmoja, Finnbennach. Alizaliwa katika kundi la Medb, akahamia la Ailill kwa kukataa kumilikiwa na mwanamke. Medb akaivamia Ulster, jimbo la kaskazini, kutafuta fahali wa kulingana naye.

Pango la Oweynagat liko shambani, mlango wake mdogo kama wa banda la mbuzi. Niliingia kwa makalio, mabuti mbele, tope likinipanda mgongoni. Mwongozaji akamulika tochi juu: jiwe lililolazwa kama linta, ukingo wake umechanjwa mistari mifupimifupi. Ni maandishi ya Ogham, alfabeti ya kale ya Ireland ya mistari inayochanjwa: VRAICCI MAQI MEDVVI, yanayosomwa "ya Fraoch, mwana wa Medb". Sidai kwamba ni malkia yuleyule. Nilipitisha kidole kwenye mistari ile, nikasisimka mwili mzima.

Ndani, ufa wa mawe ya chokaa unaingia ndani kwa urefu wa kama mita 37.

"Zimeni taa," mwongozaji akasema.

Giza lile sijapata kuliona. Akatusimulia kwamba humu ndimo walimotoka nguruwe wa ajabu. Walipopita, nafaka haikuota miaka saba, na hawakuhesabika. Medb alimdaka mmoja mguu, ngozi ikambakia mkononi.

Nikiwa gizani ndipo nilipoelewa kilichonikera. Watu walioliogopa pango hili usiku wa Samhain, sikukuu ya kale ambapo iliaminika mizimu hutoka, ni historia, na hofu yao pia ni historia. Riwaya inayoikata hofu hiyo inawapunguza watu wenyewe. Katika Kitabu cha Leinster, hati ya mkono ya karne ya 12, kisa hiki cha Medb na vita vya kugombea fahali kinafungwa kwa kauli mbili: baraka kwa Kiairishi kwa atakayekihifadhi bila kukibadilisha, kisha kwa Kilatini mwandishi anakana kuyaamini mambo hayo, akisema mengine ni hila za mashetani. Hata hivyo Morrígan hakufutwa.

Tulitoka macho yakiuma kwa mwanga. Mwongozaji alisubiri sote tupite, akafunga geti, akalitikisa mara mbili ili ng'ombe wa watu wasitoke.