Usiku wa Simbu Nilizima Simu

Jioni ya Jumapili, tarehe 14 Septemba 2025, nilikuwa na vitu vitatu mfukoni: tiketi ya basi la Singida la asubuhi yake, mkeka wa kubeti wa shilingi 2,000, na imani kwamba Manchester United safari hii itawanyoosha majirani zake, Manchester City. Kufikia saa mbili na nusu usiku nilibaki na tiketi.

Tulitazama kwenye banda umiza moja pale Majengo, Dodoma. Benchi la mbao, feni moja iliyoelekezwa kwa mwenye banda, watu wamebanana kama dagaa. Foden akafunga kwa kichwa, Haaland akaongeza mawili, City tatu, sisi bila. Kilichoniuma zaidi ni kijana aliyekaa mbele yangu. Msimu uliopita alikuwa Arsenal, namjua, na jana yake alikuwa bado hajaamua. Sasa anaruka juu ya benchi kama amezaliwa Manchester.

Nikarudi gheto kwa miguu, upepo wa Dodoma wa Septemba unanimwagia vumbi machoni. Nilijua kinachonisubiri kwenye kundi la ukoo: shemeji yangu wa Singida, ambaye ni Yanga damu, hajawahi kukosa msiba wangu wa mpira. Nikazima simu kabisa, nikalala.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa stendi ya Nanenane. Basi letu lilitakiwa kuondoka muda huohuo, likaondoka saa moja kasoro robo, kwa sababu konda alikuwa anatafuta abiria wawili ambao nadhani alikuwa hajawaona hata yeye. Nilikaa dirishani. Pembeni yangu mzee mmoja mwenye kofia ya baraghashia na redio ndogo mfukoni. "Mbukwa, mzee," nikamwamkia Kigogo, nikijitahidi. Akacheka. "Mimi Mnyaturu, kijana wangu. Lakini mbukwa."

Mpaka tunaipita Nala, gari zima lilikuwa limeshagawanyika. Kesho yake, Jumanne, kulikuwa na Ngao ya Jamii, Simba na Yanga kwa Mkapa. Viti vya nyuma vilikuwa vya Yanga, na walikuwa na maneno ya kutosha kutufikisha Mwanza: ubingwa wa misimu minne mfululizo, zile tano moja walizotufunga Novemba 2023, kila kitu. Sisi wa Simba tulijibu kwa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika ya mwezi Mei. Jibu hilo lina tatizo lake, maana fainali yenyewe tuliipoteza: mbili bila kule Berkane, moja moja Zanzibar. "Mlikwenda fainali kuangalia kombe," mmoja akasema nyuma, na gari likacheka. Wao wenyewe 2023 walikwenda fainali hiyohiyo wakarudi na medali za mshindi wa pili, lakini ukiwakumbusha wanakwambia walishinda Algeria. Kweli walishinda, moja bila, kombe likabaki Algeria kwa sababu ya bao la ugenini.

Katikati ya kelele hizo binti mmoja wa chuo, kiti cha mbele yetu, akainua kichwa kutoka kwenye simu. "Jamani, Simbu kachukua dhahabu Tokyo."

Konda akageuka. "Simba? Tokyo wamefuata nini, si kesho wana mechi?"

"Simbu! Alphonce Simbu. Marathoni. Mashindano ya dunia."

Sijui kama naweza kueleza ukimya uliofuata. Ulikuwa ukimya wa watu waliofumaniwa. Mzee wa pembeni yangu akauliza polepole: "Dhahabu, au wa pili?" Binti akasoma: dhahabu, ya kwanza ya Tanzania tangu mashindano hayo ya riadha yaanze. Saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Wa pili, Amanal Petros wa Ujerumani, naye 2:09:48. Wametenganishwa kwa picha ya mstari wa mwisho, sekunde 0.03.

"Kilomita arobaini na mbili," akasema konda, "halafu sekunde ngapi?"

Nikapiga hesabu. Mbio zilianza Tokyo saa moja na nusu asubuhi, maana yake kwetu saa saba na nusu usiku. Zimeisha kwenye saa tisa na dakika arobaini. Mimi muda huo nimelala na simu nimezima, naomboleza timu ya Uingereza.

Nikaiwasha. Ikatetemeka dakika nzima. Meseji za shemeji zilikuwa kumi na moja, kumi za City na moja ya Simbu.

Sasa kila mtu akataka video. Binti akaipata, akaigeuzia simu kwetu, watu wakasimama na kuinamia kiti chake. Wanaingia uwanjani watatu: Simbu, Petros na yule Mwitaliano, Aouani. Wanakata kona ya mwisho. Petros yuko mbele, Simbu anaanza kuja. Hapo hapo duara likaanza kuzunguka. Tulikuwa tumeshaipita Bahi, mtandao umekwenda zake. Tukabaki tunautazama mgongo wa Simbu umeganda, hatua kadhaa nyuma ya Mjerumani, na matokeo tunayajua lakini hakuna aliyeyaamini.

Ni katika kipande hicho, Kintinku na kuendelea, mzee aliponisimulia marathoni ya Boston ya 1988. Alikuwa kijana, akisikiliza Radio Tanzania. Juma Ikangaa wetu aliongoza, akafukuzwa na Ibrahim Hussein wa Kenya mpaka mwisho, akapitwa. Hussein 2:08:43, Ikangaa 2:08:44. "Sekunde moja," akasema, akanyoosha kidole kimoja na kukiacha hapo hewani. "Mwaka uliofuata akawa wa pili tena. Na mwaka wa tatu, wa pili tena." Nikamkumbusha kwamba mwaka huohuo wa 1989 Ikangaa alishinda New York. Akakubali, ila kwa shingo upande. Boston ilikuwa bado inamuuma, na Simbu mwenyewe Aprili ya 2025 alikuwa wa pili hapohapo Boston. "Ndiyo maana nilimuuliza yule binti. Sisi tumezoea kuuliza kama ni wa pili."

Mimi Simbu nilimjua kwa juujuu: wa tano Olimpiki ya Rio 2016, shaba mashindano ya dunia London 2017. Nina jezi sita za mpira nyumbani. Jambo la kuwa na chochote chenye jina la mkimbiaji halijawahi kunijia, na sidhani kama ningejua pa kukinunua.

Basi likapanda ule ukuta wa Bonde la Ufa, likinguruma kwa gia ndogo nyuma ya malori. Tukasimama kuchimba dawa. Wanaume kushoto, wanawake kulia, na binti akabaki ameinua simu juu dirishani kama anayeomba mvua. Tulipokaribia Manyoni duara likaacha kuzunguka.

Mgongo ukaanza kusogea. Simbu akamfikia, wakawa bega kwa bega, mwishoni akarusha kifua. Petros akaanguka juu ya mstari. Hata Simbu mwenyewe hakuonekana kujua kashinda, alikuwa akitazama juu kwenye ubao. Kisha jina lake likapanda. Yanga wa nyuma na Simba wa mbele wakapiga kelele moja mpaka dereva akapunguza mwendo akidhani kuna abiria kaanguka. Tukairudia mara saba. Mzee aliitazama mara moja tu, akavua kofia, akaivaa tena.

"Huyu wa kwetu, Ikungi," abiria wa nyuma akasema tulipoikaribia Ikungi, na hapo ghafla kila mtu akawa na binamu aliyesoma naye. Basi liliposimama, nikanunua jogoo. Mimi na shemeji huwa tunawekeana jogoo kila mechi ya watani, na kwa furaha niliyokuwa nayo nikaona hata mpira utanionea huruma. Konda akamtia kwenye buti.

Singida tulifika mchana, ziwa Singidani linameta, mawe yake makubwa yako palepale nilipoyaacha. Shemeji alinipokea stendi, akanikumbatia, akasema "Simbu!" Neno la City hakulitaja. Nikajua anaweka akiba.

Jumanne jioni Pacôme Zouzoua alifunga kipindi cha pili. Yanga moja, Simba bila. Shemeji akataka jogoo wake achinjwe usiku uleule, na sheria ni kwamba aliyeshindwa ndiye anamkamata. Wapwa zangu wakakaa kwenye baraza kutazama. Nilimbana kwenye kona ya banda la mbuzi, nikarusha kifua kama nilivyoona Tokyo, nikaanguka juu ya ndoo. Jogoo alinishinda kwa hatua tatu. Picha haikuhitajika.