Cherehani niliyoichekesha miaka tisa

Jamani nimerudi. Wiki ya tatu hii, na wale mnaonitumia meseji "vipi mbona hupandi stejini hata siku moja tukuone laivu" naomba mnivumilie, sijaringa, kuna kitu kimenikuta hapa nyumbani na mpaka nikitoe ndo nitapumua. Ni kirefu. Anayetaka kucheka tu aishie hapa, simlaumu.

Niliondoka miaka 11 iliyopita na begi moja na arosto. Kwenye ndege pua zinatiririka, machozi yanatoka yenyewe, miayo haiishi, miguu inarusha mateke chini ya kiti bila kuniuliza. Anayejua anajua, unga, yaani heroini, ukiukosa masaa manane kumi hivi mwili unaanza kukudai, hiyo ndo arosto, na siku ya pili ya tatu ndo deni lenyewe linakuja na riba. Mama mmoja wa makamo aliyekaa jirani yangu akadhani nalia kwa kuwaacha wazazi, akanipa leso yake, akanishika mkono mpaka tukatua. Hiyo nimeisimulia stejini mara mia na kila mara watu wanaanguka. Ni kweli tupu, haina chumvi. Naitanguliza makusudi ili mjue zingine zilikuwa za kweli.

Los Angeles nilifanya kila kazi, kuosha vyombo, kubeba makochi ya watu ngazi nne, usiku nikaanza kwenda klabu za vichekesho kuandikisha jina. Utaratibu wake ni kwamba unaandika jina, unasubiri mpaka miguu inaota mizizi, unapewa dakika 3, na taa nyekundu kule nyuma ya watu ikiwaka maana yake malizia ushuke. Hela hamna. Wala si jambo geni, pale Comedy Store pa Sunset Boulevard walipotokea majina makubwa kibao, wachekeshaji wengi walikuwa wanapanda bure tu mpaka walipogoma mwaka 1979, ndo ikaanza dola 25 kwa kila kupanda. Klabu inaishi kwa vinywaji, mteja sehemu nyingi lazima anunue viwili, na wewe mchekeshaji mchanga sehemu zingine unalipwa kwa tiketi za kunywea pale kaunta. Unamlipa teja kwa pombe, halafu akianguka unashangaa.

Nilichojifunza haraka sana kule ni kwamba ukweli una soko. Ukileta kichekesho cha kutunga watu wanacheka kwa adabu, ukisema "baba yangu alikuwa mlevi" ukumbi mzima unasogea mbele. Mchekeshaji Richard Pryor ndo aliyewafungulia wengi hiyo njia, mtu aliyelelewa na bibi yake kwenye danguro la bibi huyohuyo huko Peoria, Illinois, akaja kuyamwaga yote kwenye maiki. Mpaka leo ni hivyohivyo, mwaka 2023 mchekeshaji John Mulaney kasimulia jinsi marafiki zake 12 walivyomvizia Desemba 2020, nusu wamekaa chumbani nusu wako kwenye Zoom, wakampeleka kutibiwa koka na vidonge, na watu wamelipa kusikiliza hayo. Mi nilikuwa sina danguro wala marafiki wa Zoom. Nilikuwa na cherehani.

Kichekesho chenyewe kilikuwa hivi. Baba yangu alikuwa anakunywa, anakunywa, mpaka siku moja akauza cherehani ya mama. Jioni karudi, suruali imechanika makalioni, kasimama mlangoni kajishika ukuta, anamwambia mama: "Mama watoto, hebu nishonee hapa." Basi hapo nilikuwa nanyamaza. Sekunde nne kamili, nahesabu moyoni. Namwigiza mama anageuka taratibuuu kuangalia pale cherehani ilipokuwa, anarudisha macho kwenye suruali, anaangalia tena pale. Simalizii. Hakuna cha kumalizia, ukumbi umeshapasuka. Hicho ndo kilinipa dakika 15 za kulipwa, ndo kilinitoa kwenye kubeba makochi, ndo klipu iliyozunguka mpaka ikafika huku. Miaka tisa.

Baba alifariki mwaka wangu wa tano kule. Sikuja. Nikawaambia ni makaratasi, na makaratasi kweli yalikuwa na shida, ila hata yangekuwa sawa nisingeweza kukaa kwenye ndege masaa yote yale bila kitu mfukoni. Wiki mbili baadaye nikapanda nikakisema tena kichekesho kilekile, ila mwishoni nikaongeza "Mungu amrehemu", na hiyo nayo ikachekwa. Nilishuka nikijiona fundi.

Mengine nayapita mbio. Vidonge vya mtaani kule vingi siku hizi ni fentanyl, kitu chenye nguvu kama mara 50 ya heroini, na havina lebo. Nikaangukia chooni kwenye klabu moja nimebakiza dakika kumi niitwe. Dada wa kaunta alikuwa na naloksoni kwenye pochi, dawa ya kumwamsha aliyezidisha, ile ya kupulizia puani, akanipulizia mara mbili. Niliamka nimekasirika, ndo inavyokuwa, ile dawa inang'oa kila kitu kwa mpigo unaamka na arosto mbichi, nikamtukana aliyeniokoa. Baadaye nikapelekwa sehemu ya matibabu, nikatoka, nikarudia, nikatoka tena. Sasa hivi nina miaka 3 na miezi kidogo bila kugusa, na hao washkaji wa zamani walionikaribisha na "kidogo tu kwa ajili ya kurudi", niwaambie tu kwamba mwili uliokaa miaka mitatu bila hauna tena uzoefu, kipimo cha zamani sasa hivi ni jeneza. Tusalimiane kwa mbali.

Kwenye mikutano yetu sisi tulioacha tunafuata zile hatua 12 za Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe kilichoanzia Akron, Ohio, mwaka 1935. Ya nane unaandika orodha ya wote uliowaumiza. Ya tisa unawafuata mmoja mmoja kutengeneza, isipokuwa pale ambapo kumfuata kutamuumiza zaidi. Niliandika kurasa nne. Mama yumo, dada yumo, yule wa kaunta yumo, mpaka yule mama wa ndege nilimwandika kwa kuwa leso sikumrudishia. Baba nikamwandika kwa kutokuja kumzika. Cherehani haikuwepo popote. Na siwadanganyi, sikuificha, niliandika kwa moyo mweupe kabisa.

Sasa nimefika, siku ya nne, nimekaa na mama, anakunja nguo, mimi namkunjia mashuka. Nikaanza hotuba yangu niliyoifanyia mazoezi, mama nimekuja kukuomba radhi, mama nilikuwa mbali, mama hivi mama vile. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Ile ya suruali nimeiona. Mpwa wako alinitafsiria. Nimecheka kweli, unajua kuniigiza." Nikacheka na mimi. Akachukua shuka mkononi mwangu maana nilikuwa nalikunja vibaya, akasema, "Ila baba yako hakuuza cherehani, mwanangu. Uliuza wewe."

Mnajua unavyokosea ngazi gizani, mguu unashuka ukidhani kuna ngazi moja zaidi? Basi hivyo. Nikataka kubisha, nikafungua mdomo, na palepale nikaiona. Nimeibeba begani na meza yake kwa sababu sikujua kuifungua, ule mguu wa chuma unanipiga pajani. Nimeona hadi alama ya mafuta kwenye shati.

Mama alijua kesho yake. Aliyeinunua alirudi nyumbani, mtu wa watu hakujua kitu, kuulizia bobini na sindano za akiba, akasema yule kijana wako kaniambia ziko kwenye kopo. Nikamuuliza mama, ukamwambia nini? "Nikampa kopo. Cherehani bila bobini ni ya nini." Hivyo tu. Akaendelea kukunja. Na baba je? Baba alikuwa amekaa palepale, kasikia yote. Jioni dada alipotoka kazini akakuta pako wazi akamvaa baba moja kwa moja, maana nani mwingine, mlevi si yuko nyumbani, na baba hakusema neno. Usiku akamwambia mama, "Mwache mtoto aondoke vizuri. Mimi kuitwa mlevi nimeshazoea." Miezi miwili baadaye nikapanda ndege.

Nimemfikiria sana Pryor tangu siku ile. Juni 1980 aliungua mwili karibu nusu, na kwenye onyesho lililotoka 1982 akawapa watu kichekesho kwamba alichanganya maziwa ya aina mbili, akachovya biskuti, zikalipuka. Watu walikufa kwa kicheko. Halafu miaka baadaye akakiri mwenyewe kwamba haikuwa ajali, alijimwagia ramu akajiwasha, kichwa kikiwa kimejaa koka. Ila yeye alijua muda wote kwamba biskuti ni biskuti. Mimi yangu niliila. Ukisema kitu usiku mia mia, kila usiku unanoa neno, unasogeza kituo, unaangalia wapi wanacheka, ile iliyotokea inafutika na inabaki ile inayochekesha. Na kwenye majarida wakaniandika eti mchekeshaji asiyeogopa ukweli. Hayo nilikuwa nimeyakata nikayahifadhi, nimekuja nayo kwenye begi.

Mama hana kinyongo, au kama anacho hanionyeshi. Kazi ilikuwa kwa dada. Kwa sababu cherehani ile mama alikuwa ameshamwahidi yeye, alikuwa anajifunza kushona, na baada ya ile jioni alikaa mwaka na nusu hamwamkii baba. Nyumba moja. Baadaye walirudi kusemeshana lakini si kama zamani, na kila nilipotoa ile stori huko, klipu ikifika anaiangalia, kumbe mimi ndo nilikuwa nampelekea ushahidi. Nilikaa siku tano najiuliza kama huyu ndo yule wa "isipokuwa". Baba hayupo, hawezi kuombwa radhi na dada. Nikimwambia nampa mzigo, nisipomwambia nabaki na baba mwizi wangu wa kutunga. Mama nilipomuuliza akasema, "Mimi nimenyamaza kwa sababu baba yako aliniomba. Wewe hakukuomba."

Nikamwambia jana. Alikuwa anapiga pasi. Nikasema yote bila hotuba, dada, cherehani niliuza mimi, kwa ajili ya unga, baba alijua, mama alijua. Akaiweka pasi wima. Akanyamaza, na mimi, niamini usiamini, nikajikuta nahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Ujinga wa kazi huu, dada yangu kasimama pale uso umembadilika na kichwa changu kinapima urefu wa kituo. Nne ikapita. Kumi ikapita.

Akaniuliza, "Baba alijua siku ileile?"

Nikamwambia ndiyo.

"Na ile suruali? Ya kuchanika?"

Nikamwambia ile nimetunga, ya kuchekeshea.

Akaichukua tena pasi, akapiga kola ile ile aliyokuwa ameshaipiga. "Nilijua hiyo ya uongo," akasema. "Baba angeishona mwenyewe. Nani alikuwa anakaa kwenye ile cherehani kuliko yeye? Kaptula zako zote za shule, unadhani nani alikuwa anazipinda?"

Nilikuwa nimesahau kabisa. Kalamu ya risasi kaiweka mdomoni, kaptula yangu kaigeuza nje ndani, ananiambia simama wima nisikukate mguu.