Kwa boti kutoka Woolwich hadi mlango wa Bunge

Jenerali Michael Biddulph alizaliwa mwaka 1823, akasomea uafisa wa mizinga Woolwich, akapigana Crimea na Afghanistan, akakabidhiwa mataji ya Malkia Victoria, na uzeeni akawa mtumishi wa Bunge la Uingereza. Woolwich, Mnara wa London na Westminster, zote ziko kando ya mto Thames. Ndiyo maana nilimfuata kwa boti.

Nilifikia kwa shemeji yangu, Woolwich huko huko. Chuo cha zamani cha maafisa wa mizinga leo ni makazi ya watu. Getini kuna vitufe vya namba za nyumba. Kule chini mtoni, penye kiwanda cha zamani cha silaha, bado limesimama jengo la mwaka 1717 walimokuwa wakisubu mizinga ya shaba.

"Shemeji, kwani huyo mzee alikuwa nani hata umfuate hivi?" aliniuliza tukiwa gatini.

Nikamwambia amfikirie Mpambe wa Bunge anayetangulia mbele ya Spika pale Dodoma akiwa amebeba Siwa. Kazi ya namna hiyo, ila aliyepewa ni mtu aliyekwishaongoza jeshi. Mwaka 1878 Biddulph ndiye aliyekuwa mkuu wa kikosi cha Quetta, mji ulioko Pakistan ya leo, kilichovuka milima kuingia Afghanistan. Akapita Kandahar, akafika hadi Girishk kwenye mto Helmand. Kabla ya hapo, Crimea, alikuwa na mkono mwingine: alichora mandhari ya Sevastopol, mji uliokuwa umezingirwa, na mahandaki yake, na michoro ile ikachapishwa 1855 watu wa London waione vita wakiwa vibarazani kwao.

Boti ilipita katikati ya lango kubwa la kuzuia mafuriko, lenye vichwa vya chuma vinavyong'aa, ikaacha Greenwich na maghorofa ya Canary Wharf. Maji yalikuwa yanajaa, ya rangi ya udongo, na upepo ulikuwa mkali. Wengi walikimbilia ndani. Mimi nilibaki nje nyuma.

Kwenye Mnara wa London umati wote huenda kwenye jengo la mataji, ambako sakafu yenyewe inakusogeza ili usikae sana mbele ya almasi. Ile kubwa iliyo kwenye fimbo ya kifalme ilitoka Afrika Kusini, ikachimbuliwa 1905, kwa hiyo Biddulph hakuiwahi. Yeye alikuwa mtunzaji kuanzia 1891 hadi 1896, na siku hizo mataji yalikaa Wakefield Tower, mnara mmojawapo wa ngome hiyo hiyo. Nilikwenda huko. Kuta nene za mawe, baridi hata mchana.

Westminster ndiko nilikokuwa nakutaka. Mwaka 1896 Biddulph alipewa cheo cha Black Rod, kinachotokana na fimbo nyeusi yenye simba wa dhahabu anayoibeba mwenye kazi hiyo. Siku ya kufungua Bunge hutumwa kutoka upande wa malodi, wajumbe wasiochaguliwa na wananchi, huvuka ukumbi wa kati, na akikaribia chumba cha wabunge wa kuchaguliwa, mlango hufungwa kwa kishindo usoni pake. Lazima agonge mara tatu kwa fimbo, kisha angoje. Ni kumbukumbu ya Januari 1642, Mfalme Charles I alipoingia na askari kutaka kuwakamata wabunge watano.

Mama aliyetuongoza alitusimamisha mbele ya mlango huo. Nimeona kovu la fimbo: mbao imebonyea na kuchakaa mahali pamoja tu. Huu si mlango wa enzi za Biddulph, kwani chumba kile kiliteketezwa kwa mabomu mwaka 1941, kikafunguliwa upya 1950. Kovu lote limechimbwa tangu hapo.

Nilisimama pale hadi kundi likanipita. Jenerali aliyeingia Kandahar hakuweza kuingia humu bila ruhusa, na mimi naliheshimu sana jambo hilo. Lakini mimi ni mtu wa pwani, na mwaka ule ule wa 1896, Agosti 27, manowari za Uingereza zilimpa Khalid bin Barghash, aliyekuwa amejitwalia usultani, hadi saa tatu asubuhi atoke kwenye jumba la Sultani, Unguja, kisha zikalipiga mizinga. Vita havikudumu hata muda wa saa moja. Watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Heshima ya mlango iliishia hapa hapa Westminster, na hilo sikuweza kuliweka kando nikiutazama.

Biddulph aliendelea na fimbo yake. Malkia alikuwa ameacha kuja bungeni, hivyo hotuba zake zilisomwa na wengine, hadi Februari 14, 1901, Edward VII alipokuja mwenyewe kulifungua Bunge. Black Rod wake alikuwa na miaka 77. Alikufa Julai 1904, bado yuko kazini.