Nilivyojifunza hoki ya barafuni ukubwani

Mwanangu alipotaka kucheza hoki tulikuwa na mwaka wa pili tu Toronto. Mimi wa Tanga, barafu niliyoijua ni ya kutia kwenye juisi ya ukwaju. Akaja na habari kuwa kila mtoto awe na sketi zake. Sketi za nini kwa mtoto wa kiume? Kumbe ni viatu vyenye chuma kama kisu chini ya soli.

Klabu yake iko chini ya GTHL, ligi ya watoto ya Toronto na miji ya jirani, ambayo kijana mmoja, Frank Smith, aliianzisha 1911 kama ligi ya mtaa wa Beaches. Umri wanauhesabu kwa mwaka wa kuzaliwa, kuanzia 1 Januari. Wangu ni wa Desemba! Akapangwa na wenzake waliomzidi karibu mwaka mzima, wengine wananifika begani. Kocha akanituliza: tangu 2013, Hockey Canada, shirikisho la hoki la nchi nzima, imekataza watoto wa rika lake kugongana miili kwa makusudi.

Kilichonishinda ni filimbi. Kila mara refa anapuliza, sijui kwa nini, na siku moja nilishangilia peke yangu bao lililokataliwa. Basi mechi tatu mfululizo nikakaa usawa wa mstari wa buluu, ule unaotenga eneo la goli la wapinzani, macho hapo tu. Soka ndiyo iliyokuwa inanipoteza. Kule kuotea unamtazama beki. Huku mstari haujongei, na kile kisahani cheusi wanachokipiga badala ya mpira lazima kiuvuke kabla ya mshambuliaji yeyote. Aisingi nayo ikaja yenyewe: ukikibutua kutoka nusu yenu hadi nyuma ya goli la wenzenu bila kuguswa, mchezo unarudishwa langoni kwenu. Hakuna kubutua ili mpumue.

Juzi nikampigia mama video ya WhatsApp aone mechi. Mjukuu wake akamkwatua mtu, akapelekwa kibandani dakika mbili.

"Mbona wamemfungia mtoto?"

"Anatumikia adhabu, mama. Atatoka."

Dakika haijaisha, mlango ukafunguliwa, akachomoka mbio.

"Alhamdulillah, wamemhurumia!"

Sheria ni kwamba aliyefungiwa dakika mbili hutoka mapema timu yake ikifungwa bao. Nikamwambia, "Ndiyo mama, wamemhurumia."