Siku mabati yalipozima cherehani

Ilikuwa Januari 1998, Ramadhani, na mvua za El Niño bado hazijatuachia. Nilikuwa na mwezi wa tatu kwa fundi mmoja Ngamiani, Tanga, katika mojawapo ya zile barabara za namba. Kazi zilikuwa zimetufika shingoni: sketi za shule huku, magauni ya Idd kule.

Wiki ya kwanza fundi alininyima uzi. Alinipa karatasi ya daftari nipitishe sindano juu ya mistari, kavu kavu. Wala hakunitazama. Alinipa mgongo, anakata vitambaa vyake, na bado ananikosoa: "Umeharakisha." "Hapo mguu umesita." Cherehani ya kukanyaga ikienda sawa inasema tatatata, laini, ukisita, inakohoa, na gurudumu likitaka kurudi kinyumenyume hutoa mkwaruzo mfupi, kisha uzi pwaa! Mkwaruzo ule nilifundishwa kwa makofi ya mgongoni. Ikafika mahali mguu unajirekebisha wenyewe, mie hata sijawaza.

Basi siku hiyo, adhuhuri imepita, mvua ikashuka juu ya mabati. Ungedhani mtu anamwaga kokoto. Nilikuwa napiga pindo la sketi ya bluu, kazi ambayo kwa wakati huo ningeifanya huku nasinzia. Uzi ukakatika. Nikatunga, nikakanyaga, ukakatika tena. Mara ya tatu nikageuza kitambaa: upande wa chini uzi umejisokota mafundomafundo. Sindano nzima, mafuta nimetia, mkanda umekaza. Nikailaumu funga.

Nikainua macho nimwombe fundi radhi. Cherehani yake ilikuwa imefunikwa. Mwenyewe kakaa kwenye kigoda mlangoni, miwani puani, anashona vifungo vya shati kwa mkono. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba tangu niingie pale, kila mvua kubwa ilipopiga alihamia kwenye vifungo. Siku zote nilidhani anafuata mwanga.

Aliniita kwa mkono, maana sauti isingenifikia. Akanipa sindano, akanisogezea mkebe. Tukashona vifungo hadi karibu na alasiri. Mvua ilipopungua alinyamaza kidogo, kichwa kakiinamisha upande, anasikiliza paa. Kisha akaenda kuifunua cherehani.